Kihesabio cha Mchambuzi

Kazi yake ilikuwa uchambuzi wa tabia, na tangu apate cheti hakuwahi kumweleza mtu kazi hiyo akaeleweka mara ya kwanza. Mama mkwe aliamini kwamba anasoma nyuso za watu na kujua nani mwongo, kwa hiyo kila alipokuja kutembea alikaa ameinamisha kichwa. Jirani mmoja alimletea mbwa. Mumewe, fundi bomba, alikuwa na maelezo yake mafupi: "Mke wangu anahesabu mara ngapi mtoto anasumbua, anatafuta kwa nini, halafu anapunguza." Hakuna aliyewahi kuieleza kazi hiyo vizuri zaidi, hata vile vitabu vinene walivyovitumia chumbani kuzuia dirisha lisijifunge.

Shuleni alikofanya kazi walimwita Mchambuzi tu. Kila alipoitwa hivyo alichelewa kuitika, maana alidhani anaitwa mtu mwingine mwenye sifa zaidi.

Alikuwa na ugonjwa, huyu Mchambuzi. Si ule wa kumlaza mtu kitandani. Aliamini kwamba yeye ni tapeli. Mtihani alifaulu kwa bahati, wasimamizi wake walimwonea huruma, na shule ilimwajiri kwa sababu mwombaji mwingine aliharisha siku ya usaili. Miaka sita ya masomo, saa zaidi ya elfu za mazoezi, cheti chenye muhuri wa kuchomoza, na bado alipita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu kwa ncha za vidole, asije akaitwa ndani na kuambiwa, "Tumekugundua." Wamegundua nini? Hata yeye hakujua. Wenye ugonjwa huu ni wengi, na ningewahurumia zaidi kama wasingekuwa wanawaachia nafasi za mbele watu wasio nao kabisa.

Na hapo ndipo anapoingia Bingwa.

Bingwa alikuwa msimamizi wa wachambuzi wote wa shule kumi na moja. Jina la Bingwa alijipa mwenyewe, kisha akashangaa jinsi watu walivyolipenda. Alivaa suti ya kijivu, alibeba mkoba wa ngozi usiofunguliwa, na alizungumza polepole kama mtu anayeandikwa na waandishi wa habari. Yeye ndiye aliyeendesha semina iliyoitwa "Mfukuze Tapeli Aliye Ndani Yako", na Mchambuzi alikuwa mmoja wa wagonjwa arobaini waliopelekwa huko kutibiwa.

Siku ya kwanza waliambiwa wasimame mbele ya kioo na kujisifu. Vioo havikutosha, kwa hiyo walisimama wakitazamana, watu wazima arobaini wakiambiana "Wewe ni bingwa" na macho yamewajaa machozi. Siku ya pili kila mmoja alipewa kihesabio, kile kidude cha kushika kiganjani kinachobonyezwa kwa kidole gumba, kama wanachotumia walinzi wa milangoni kuhesabu watu wanaoingia ukumbini.

"Kila likikujia wazo kwamba wewe ni tapeli, bonyeza," alisema Bingwa. "Mwezi mzima. Kitu ukikihesabu, kinapungua. Hiyo ni sayansi."

Labda kwa wengine. Mchambuzi wiki ya kwanza alibonyeza mara tisa kwa siku. Wiki ya tatu alifika thelathini, kwa sababu sasa alikuwa na wazo jipya la kuongezea: kwamba hata kujihesabu kwenyewe hajui.

Asubuhi ambayo nataka kuisimulia, alikunywa chai huku kihesabio kiko kando ya kikombe.

"Leo umeshafika ngapi?" aliuliza mumewe, akitafuta soksi ya pili.

"Kumi na nne."

"Na bado hata viatu hujavaa!" Fundi alipiga mluzi. "Hebu niambie, wale wanaowalipa nyinyi, wanajua kwamba mnajibonyeza?"

"Usinicheke. Leo ndiyo siku ya hesabu ya Malkia."

Fundi aliacha kucheka. Hata yeye alimjua Malkia, kwa kusikia.

Malkia alikuwa msichana wa miaka saba, darasa la pili. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuomba kitu, aliamuru. Alijua kusoma kuliko wenzake wote, ila alikuwa na tabia moja iliyowatoa walimu jasho: alitupa vitu. Daftari, kiatu, rula, na siku moja kihesabio cha shule, kilichotua hatua tatu mbele na kufa papo hapo. Ndiyo maana Mchambuzi alilazimika kutumia kile cha semina kwa kazi zote mbili. Mawazo yake aliyahesabu nyumbani na njiani. Akifika getini alizungusha kitufe, namba zikarudi sifuri, akaanza kuhesabu watoto.

Muhula ulipoanza, Malkia alikuwa akitupa vitu mara sabini kwa asubuhi moja. Mchambuzi alikaa naye wiki mbili, akaona kitu ambacho hakuna aliyekiona: mtoto hakutupa kwa hasira wala kwa kutafuta kutazamwa. Alitupa pale aliponyang'anywa kazi kabla hajaimaliza. Kengele ikilia katikati ya mchoro wake, vitu vinaruka. Basi Mchambuzi alimwekea kikapu kilichoandikwa "Bado", ambamo kazi isiyokwisha ililala ikimngoja, na akamfundisha mwalimu wa darasa kumwonyesha kadi ya njano dakika tano kabla ya kengele. Sabini zikawa hamsini, hamsini zikawa thelathini na tisa, kisha thelathini na tatu. Ukimuuliza Mchambuzi, angekwambia ni kwa sababu ya hali ya hewa.

Lakini mwongozo wa idara ya elimu ulikuwa na mstari wake. Mtoto anayetupa vitu zaidi ya mara thelathini, katika asubuhi ya hesabu rasmi mwisho wa muhula, huondolewa na kupelekwa shule ya bweni, saa sita kwa gari kutoka nyumbani kwao. Akiwa na miaka saba. Siku ya hesabu ilikuwa leo.

Njia nzima Mchambuzi alimwaza Malkia tu, asijibonyeze hata mara moja, akafika getini roho juu, kidole tayari kwenye kitufe. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale pale anamngoja.

"Wahi ndani. Bingwa amekuja mwenyewe. Atahesabu pamoja na wewe."

Mchambuzi alikimbia darasani, akaamkia "Shikamoo, mzee" kwa sauti ya mtoto aliyechelewa namba, akaketi. Kitufe hakikuzungushwa. Hakukumbuka hata kama kipo.

Taaluma yao ina kanuni moja nzuri sana: mtu mmoja asiaminiwe peke yake. Wahesabuji wawe wawili, wakae mbalimbali, kila mmoja ahesabu lake bila kumchungulia mwenzake, kisha walinganishe. Wakikaribiana, namba inaaminika. Katika shule zote kumi na moja za Bingwa wahesabuji hawakukaribiana tu. Walilingana mia kwa mia, mwaka hadi mwaka, na Bingwa alijipigia kifua kwa jambo hilo kila alipopata kipaza sauti.

Siku hiyo alivuta kiti kidogo cha mtoto, akakiweka bega kwa bega na Mchambuzi. Alitoka nje mara tatu kupokea simu. Mara moja alikaa huko nusu saa nzima, akicheka. Mchambuzi hakushangaa. Alijiambia kwamba mabingwa huhesabu kwa masikio.

Saa sita kengele ililia. Bingwa aliinama karibu yake, marashi yake yakatangulia.

"Umepata ngapi, binti?"

Mchambuzi alitazama kihesabio. Alishangaa kidogo, maana asubuhi ilikuwa imeonekana shwari. "Arobaini na moja, mzee."

"Hm," alisema Bingwa, na kuandika. "Na mimi hiyo hiyo."

Lazima niseme lililo kweli, hata kama linamtia aibu: Mchambuzi alifurahi. Alijua namba ile inamwondoa Malkia, na moyo ulimuuma kwa ajili ya mtoto, lakini chini ya maumivu hayo kulikuwa na kifuraha kilichomchezea miguuni. Amelingana na Bingwa! Bila kuchungulia! Kwa saa nzima hakuwa tapeli. Alikula chakula cha mchana huku akitafuna polepole, kama mtu mwenye cheti.

Ni mwalimu wa darasa aliyemharibia. Mwanamke mfupi, mcheshi, asiyejua lolote la uchambuzi, alimkuta akiosha bakuli lake bombani.

"Da' Mchambuzi, hongera! Tumevuka!"

"Tumevuka wapi? Ni arobaini na moja."

"Arobaini na moja ya nini? Mimi nimechora chaki nyuma ya mlango wa kabati. Kila akitupa, mstari. Ishirini na saba."

"Wewe ulikuwa unafundisha. Umepitiwa."

"Nimepitiwa mara kumi na nne? Mimi ni kipofu?" Mwalimu alimshika mkono. "Twende ukaone."

Mistari ilikuwa pale, mitano mitano imekatwa, ishirini na saba bila ubishi. Mchambuzi alifungua mdomo aeleze kwamba chaki si sayansi, kisha neno moja likamrudia. Kumi na nne. Alikuwa amelitamka neno hilo kwenye chai. Alitoa kihesabio mfukoni, akakitazama kitufe ambacho hakukizungusha.

Mara kumi na nne kati ya zile arobaini na moja hazikuwa za Malkia. Zilikuwa zake. Yalikuwa ni mawazo yake mwenyewe ya kupigia pasi, ya kupigia mswaki na ya kupandia ngazi, na sasa yamo kwenye faili la mtoto wa miaka saba kama ushahidi dhidi yake.

Lilipita jambo hilo, likaja la pili, nalo lilimfanya akae kwenye dawati la mtoto. Bingwa naye alipata arobaini na moja. Yale mawazo kumi na manne, ambayo hakuna macho ya binadamu yanayoweza kuyaona, Bingwa aliyaona yote, akayahesabu, hakukosa hata moja.

"Mbona unacheka hivyo?" aliuliza mwalimu wa darasa. "Unanitisha."

"Sicheki," alisema Mchambuzi, naye kweli alikuwa analia.

Kikao kilikuwa saa nane. Akinyamaza, ripoti itasomeka vizuri: wataalamu wawili, namba moja, mia kwa mia, na barua ya kuthibitishwa kazini ambayo Bingwa alishaahidi kuiandika. Akisema, atakuwa amesimama mbele ya watu na kutangaza kwamba hajui hata kurudisha kidude kwenye sifuri. Atakuwa amejigundua mwenyewe. Alikaa dawatini robo saa akitafuta njia ya tatu, akaikosa.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza moja, makabati mawili yasiyofungika na viti visivyofanana. Kwenye kiti cha karibu na mlango alikaa baba yake Malkia, dereva wa lori, mtu mkubwa aliyejibana kana kwamba anaogopa kuvunja kitu. Alikuwa ameacha mzigo njiani ili awahi. Kofia yake aliizungusha mapajani, mzunguko baada ya mzunguko.

Bingwa alisoma ripoti kwa sauti ya redio. "Arobaini na moja. Na napenda mzazi aelewe: wachambuzi wawili, bila kuwasiliana, wamepata namba moja. Mia kwa mia. Hapo hakuna mjadala tena."

"Kwa hiyo anaondoka," alisema dereva. Hakuuliza.

"Kwa faida yake mwenyewe," alisema Bingwa.

Mwalimu mkuu alifungua kalamu. Kofia ya dereva ilisimama.

"Si kweli," alisema Mchambuzi.

Alitaka kusema kwa sauti ya kiofisi, ikatoka kama mlio wa panya. Wote wakageuka.

"Namba si kweli. Ni ishirini na saba. Kihesabio changu sikukirudisha sifuri asubuhi. Kilianzia kumi na nne."

"Kumi na nne za nini?" aliuliza mwalimu mkuu.

Hilo ndilo alilokuwa ameomba lisiulizwe. "Mawazo yangu," alisema. "Tulifundishwa semina. Kila nikifikiri kwamba mimi ni tapeli, kwamba sijui kazi yangu, nabonyeza. Leo asubuhi nilibonyeza mara kumi na nne kabla ya kufika hapa. Nikamwongezea mtoto. Ni kosa langu, na mwalimu wa darasa ana hesabu yake kabatini, mnaweza kwenda kuiona."

Mchambuzi alingoja dari imwangukie. Miaka yote aliogopa siku ya kugunduliwa, na kumbe ndiyo hii: feni inazunguka, mwalimu mkuu anajikuna shingo, na yeye bado amekaa kwenye kiti kile kile. Aliona aibu kali, ila ilikuwa aibu ya kosa moja linalojulikana. Alishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi kuliko ile ya siku zote.

Mwalimu mkuu hakuwa mwepesi wa hesabu, lakini alifika. "Ngoja kwanza. Wewe ulianzia kumi na nne. Sawa. Na Bingwa je?"

Bingwa alikuwa akitazama dirishani, amejitia hamnazo.

"Mzee," alisema mwalimu mkuu, "wewe uliyapataje mawazo yake?"

Bingwa alikohoa. "Katika uzoefu wangu wa miaka ishirini, mchambuzi aliyekomaa huweza kuhisi... kunakuwa na hali fulani kati ya wataalamu..."

"Basi huyu ni mganga," alisema dereva wa lori, bila tabasamu lolote.

Mwalimu wa darasa, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, aliangua kicheko, akakifunika kwa kiganja, kikatokea puani. Mwalimu mkuu alifunga kalamu. Alisema kwamba hesabu zote mbili zimekufa. Chaki pia haitambuliwi na mwongozo. Kesho watahesabu upya, kila mmoja pembe yake ya darasa, simu zibaki ofisini, na itakayotoka ndiyo ya mwisho. "Na wewe," alimwambia Mchambuzi, "suala lako la kuthibitishwa tutaliona baada ya hapo."

Bingwa alimvizia kwenye korido. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mchambuzi.

"Binti, ungeniambia faragha tukayamaliza kiutu uzima. Lakini yamepita. Sikiliza. Kesho mtoto anaweza kuamka vibaya, akatupa vitu mara hamsini, na hiyo kweli yako ndiyo itakayompandisha gari. Unaitaka hiyo? Tukubaliane sasa hivi: mimi nitaandika ishirini na tano, wewe utaandika ishirini na tano. Mtoto anabaki, baba yake anafurahi, na mimi na wewe tunaendelea na kazi."

Na hapa asijitokeze mtu kusema kwamba jibu lilikuwa rahisi. Bingwa alikuwa anampa mtoto, mzima mzima, kwenye sahani. Mchambuzi alimwona Malkia kwenye kitanda cha bweni, na mdomo wake ulikuwa tayari umeanza kusema ndiyo.

Kisha alikumbuka kile kikapu. Alijua kwamba kikapu kinafanya kazi kwa sababu tu alihesabu kila siku, siku mbaya kwa siku nzuri. Akianza kuandika namba za kupendeza, muhula ujao hatajua tena kama anamsaidia Malkia au anampamba. Na mtoto angebaki pale kwa hisani ya Bingwa, ambaye angeweza kuiondoa hisani hiyo siku yoyote.

"Nitahesabu, mzee," alisema.

"Semina yangu imekulevya," alisema Bingwa, akaondoka.

Kesho yake Malkia aliamka vibaya.

Saa tatu tayari alikuwa amefika mara tisa. Saa nne, kumi na saba. Mchambuzi alikaa pembe ya mbele, kihesabio kimeanzia sifuri, mwalimu mkuu mwenyewe akiwa shahidi, na kila alipobonyeza aliona kama anamsukuma mtoto hatua moja kuelekea kituo cha mabasi. Mara mbili kidole kiligoma. Mara mbili alikilazimisha. Pembe ya nyuma Bingwa alikuwa anateseka kwa namna yake. Bila simu, bila bega la kuegemea, alikuwa anafanya kazi ambayo hakuifanya kwa miaka mingi, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Kila kitu kilipoanguka alinyoosha shingo kumtazama Mchambuzi, aone kama kidole chake kimecheza. Mchambuzi aliuficha mkono chini ya dawati.

Saa tano na nusu: ishirini na sita. Kitabu kiliruka, ishirini na saba. Kifutio, ishirini na nane. Ikabaki kengele, na kengele ndiyo iliyokuwa hatari kuliko vyote, kwa sababu Malkia alikuwa katikati ya mchoro wa lori la baba yake na magurudumu mawili bado. Mwalimu wa darasa alimwonyesha kadi ya njano. Malkia aliishika penseli kama mkuki. Kengele ililia. Mtoto alimtazama mwalimu, akatazama penseli, akaitazama karatasi. Kisha alitembea, huku amenuna kama mtu aliyedhulumiwa shamba, akauweka mchoro kwenye kikapu cha "Bado", na penseli juu yake.

Kihesabio cha Mchambuzi kilibaki ishirini na nane.

Ofisini, dereva na walimu wakiwa tayari wameketi, Bingwa alimsogelea Mchambuzi. "Kabla sijajumlisha, hebu nione yako, nilinganishe tu."

"Jumlisha kwanza, mzee," alisema Mchambuzi, akaigeuza karatasi kifudifudi.

Karatasi zilifunuliwa mezani. Yake: ishirini na nane. Ya Bingwa: thelathini na moja.

Kofia ya dereva ilisimama tena. Mwalimu mkuu alitazama namba hii na ile. "Sasa tufuate ipi?"

"Kwa kawaida," alisema Bingwa, sauti ya redio imemrudia, "uzoefu ndio..."

"Tunafuata yangu," alisema Mchambuzi. Aliikalia mikono yake. "Mwongozo unasema namba ya mchambuzi wa mtoto ndiyo inayosimama, ya mwenzake ni ya kuihakiki tu, ikiwa zimekaribiana kwa themanini kwa mia au zaidi. Hizi zimekaribiana kwa tisini. Lakini kama mzee ana tatu ambazo mimi sikuziona, azitaje. Kutupa ni kitu kutoka mkononi mwa mtoto kwa nguvu na kutua zaidi ya hatua moja. Azitaje."

Bingwa alivuta karatasi yake. Angalau, na hili nampa, aliandika. "Saa tatu na robo, karatasi."

"Ilipeperushwa na upepo. Dirisha lilikuwa wazi."

"Saa nne na nusu, penseli."

"Ilibiringika kutoka kwenye dawati. Alikuwa hata hajaigusa."

"Saa tano kasoro... kitambaa. Cheupe. Kilianguka karibu na kabati."

"Ni leso yako, mzee," alisema Mchambuzi. "Ilikudondoka ulipokuwa unajifuta jasho."

Mwalimu wa darasa safari hii hakujisumbua kufunika kicheko. Mwalimu mkuu aliinama sana juu ya faili, mabega yakimcheza, akaandika ishirini na nane, akaandika "abaki", akapiga muhuri. Kisha alilalamika, kwa sababu kazi ya mwalimu mkuu ni kulalamika, kwamba muhula uliopita shule yake ilikuwa na mia kwa mia na sasa imeshuka hadi tisini, na wakubwa watauliza. Bingwa alichukua mkoba wake, akatoka. Nasikia semina zake zinaendelea, na zinajaa.

Dereva wa lori alimfuata Mchambuzi hadi ukumbini. Alikuwa amevaa kofia sasa.

"Ishirini na nane bado ni nyingi, sivyo?"

"Ni nyingi," alikiri Mchambuzi. "Tena jana alikuwa ishirini na saba. Siku ingekuwa mbaya kidogo zaidi tu, angevuka thelathini. Muhula ujao watahesabu tena."

"Na wewe utaweza kuzishusha?"

"Nadhani naweza."

Dereva hakuondoka. Aliendelea kumtazama kutoka juu, kwa upole, kama ambavyo angemtazama fundi anayemwambia kwamba anadhani breki zinashika.

"Naweza," alisema Mchambuzi.